Kristen Nygaard: Mnorwe aliyeifundisha kompyuta kurithi

Fungua programu yoyote kwenye simu janja yako, iwe ya kutuma pesa, ya kusikiliza redio au ya kupiga picha. Utakuta vitu vilevile: vitufe vya kubonyeza, visanduku vya kuandikia, orodha za kusogeza kwa kidole. Waandishi wa programu hawavitengenezi vitu hivyo upya kila mara. Kila kimoja kimerithi kazi zake kutoka kwa kilichokitangulia, kama mtoto anavyorithi ukoo wa baba yake. Na kama ilivyo kwenye familia, si kila jambo la nyumbani huonyeshwa mgeni.

Wazo hilo la urithi ndani ya kompyuta lilitoka Norwe, kaskazini mwa Ulaya, mwaka 1967. Waliolileta walikuwa wawili, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl. Leo tunasimulia maisha ya Nygaard, kwa sababu yeye hakuishia kwenye mashine. Miaka mingi ya umri wake aliitumia kuuliza swali linalotuhusu hata sisi wa Tarime na Serengeti: nani anaamua mashine ifanye nini, na je, mtu anayeitumia kazini ana haki ya kuulizwa?

Kijana wa Oslo

Nygaard alizaliwa Oslo, mji mkuu wa Norwe, tarehe 27 Agosti 1926. Alikuwa na miaka 13 majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi yake mwezi Aprili 1940, na akaishi chini ya wavamizi hao hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Baadaye alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Oslo.

Mwaka 1948 aliingia Taasisi ya Utafiti wa Ulinzi ya Norwe kutumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, kama vijana wetu wanavyokwenda JKT. Alipomaliza muda wake alibaki hapo kama mtafiti. Wakati huo Norwe ilikuwa inajenga tanuri lake la kwanza la nyuklia, na Nygaard alikuwa miongoni mwa waliofanya hesabu zake. Hesabu zenyewe zilikuwa ngumu kiasi kwamba hakukuwa na kanuni moja ya kutoa jibu. Njia waliyotumia ilikuwa kuliiga tukio mara nyingi kwa namba za kubahatisha, kisha kuangalia matokeo yanaelekea wapi. Kwa vile kompyuta zilikuwa bado adimu, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa mkono.

Kazi hiyo ilimpa jambo alilolishika maisha yake yote: ukitaka kuelewa kitu chenye mambo mengi yanayotokea kwa pamoja, kiigize. Mwaka 1956 alipata shahada ya uzamili kwa tasnifu inayohusu njia hiyohiyo ya hesabu. Mwaka 1960 alihamia Kituo cha Kompyuta cha Norwe, kilichoko Oslo.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Johanna, waliyeoana mwaka 1951 na kupata watoto watatu. Johanna alifanya kazi katika shirika la serikali ya Norwe la misaada kwa nchi zinazoendelea. Kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kutafuta wataalamu wa kuja Afrika Mashariki na kuwahudumia walipokuwa huku. Kwa hiyo eneo letu halikuwa jina geni mezani kwao.

Foleni kwenye daraja

Katika kituo kipya Nygaard alitaka lugha ya kuielezea kompyuta mambo ya maisha ya kawaida: watu wanaosubiri kuhudumiwa, mizigo inayopita kiwandani, meli zinazoingia bandarini. Alijua vizuri alichotaka kueleza, lakini kuifanya mashine ikubali kulihitaji fundi wa aina nyingine. Fundi huyo alikuwa Ole-Johan Dahl, aliyefanya naye kazi tangu kwenye taasisi ya ulinzi. Dahl alikuwa mpole na mtaratibu, Nygaard alikuwa mkubwa wa umbo na mwenye sauti. Simulizi moja inayojulikana sana inasema kwamba mfanyakazi mgeni alikimbia kutoa taarifa kuwa wanaume wawili wanagombana vibaya mbele ya ubao. Mwanamke wa mapokezi akasikiliza kidogo, akamtuliza: ni Dahl na Nygaard tu, wanazungumzia kazi yao.

Lugha yao ya kwanza, Simula, ilikuwa tayari inatumika mwanzoni mwa mwaka 1965 kwenye kompyuta ya Kimarekani ya UNIVAC. Lakini ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilionekana walipofikiria mfano wa daraja lenye kibanda cha ushuru.

Tuulete mfano huo nyumbani. Chukulia kwamba Daraja la Kirumi, kwenye barabara ya Musoma kwenda Tarime na Sirari, lina kibanda cha kulipia. Kwenye foleni kuna mabasi, malori ya mizigo, magari madogo na bodaboda. Unataka kompyuta ikuambie foleni itakuwa ndefu kiasi gani siku ya mnada. Kwa lugha ya zamani ungeandika maelezo kamili ya basi, kisha maelezo kamili ya lori, kisha ya gari dogo, kisha ya bodaboda. Katika kila maelezo ungerudia mambo yaleyale: kina namba ya usajili, kinaingia kwenye foleni, kinasogea, kinalipa, kinaondoka. Siku ushuru ukibadilika, unarekebisha mahali pote. Ukisahau pamoja, hesabu yako imeharibika.

Suluhisho lao lilifika mwanzoni mwa mwaka 1967. Andika mara moja maelezo ya chombo cha usafiri, na humo weka kila ambacho vyombo vyote vinafanana. Maelezo hayo huitwa klasi. Kisha sema kwamba basi ni mtoto wa chombo cha usafiri, na kwake ongeza idadi ya abiria tu. Lori nalo ni mtoto, ongeza uzito wa mzigo tu. Foleni haihitaji kujua kama aliyesimama ni basi au lori. Inajua ni chombo cha usafiri, basi inatosha. Siku ushuru ukibadilika, unamrekebisha mzazi, na watoto wote wanapata.

Wazo hilo walilieleza mwezi Mei 1967 kwenye mkutano wa wataalamu uliofanyika Lysebu, nje kidogo ya Oslo. Lugha mpya iliitwa Simula 67. Karibu kila lugha kubwa inayotumia klasi na urithi leo ina damu yake.

La wazi, la ukoo na la siri

Urithi ulileta swali la pili. Kama mtoto anarithi kwa mzazi, je, anarithi na siri zake? Na mtu wa nje aone kiasi gani?

Wazee wa huku wana jibu la zamani. Katika mji wa mzee mwenye wake kadhaa, kuna mambo ya wazi: mgeni yeyote anaweza kubisha hodi, akaomba maji, akauliza njia. Kuna mambo ya ukoo: hayo hujadiliwa na watu wa damu, mgeni akiwa ameondoka. Na kuna mambo ya nyumba moja: ng'ombe wa nyumba ya mama fulani huhesabiwa kwenye nyumba hiyo, na nyumba nyingine haiwagusi ingawa baba ni mmoja.

Programu za kompyuta zimepangwa hivyohivyo. Kazi ambazo klasi inaweza kufanya huitwa methodi. Methodi ya wazi inaweza kuitwa na sehemu yoyote ya programu. Methodi ya ukoo, kwa kawaida, inaitwa na klasi yenyewe na watoto wake. Methodi ya siri inaitwa ndani ya klasi hiyo tu, hata mtoto haioni. Simula ya mwaka 1967 iliacha kila kitu wazi. Katika miaka ya 1970 iliongezewa njia ya kufunga milango, baada ya watumiaji kuona hatari ya kuacha kila mkono uguse kila kitu.

Kwa nini kufunga? Angalia kitufe kwenye simu yako. Kitufe kinajua kujichora chenyewe. Je, kila sehemu ya programu iwe na ruhusa ya kukiamuru kijichore wakati wowote? Zikifanya hivyo zote kwa pamoja, kioo kitakuwa vurugu. Kwa hiyo kwenye simu za Android, methodi ya kitufe kujichora ni ya ukoo. Mtu wa nje ana methodi nyingine ya wazi, ya kuomba tu: anasema kitufe kimepitwa na wakati, kinahitaji kuchorwa tena. Simu yenyewe inapanga zamu. Mgeni anaomba, mwenye mji anaamua lini.

Ukoo wa kitufe hicho unaweza kuufuatilia. Babu anaitwa View, naye anajua kukaa kwenye kioo, kujichora na kusikia kidole. Mtoto wake ni TextView, aliyeongeza maandishi. Mtoto wa TextView ni Button, yaani kitufe. Ndugu wa Button ni EditText, kile kisanduku unachoandikia namba ya simu unapotuma pesa. Wote wanasikia kidole kwa sababu babu yao anasikia kidole.

Kosa linalowasumbua wanafunzi

Vijana wanaojifunza kuandika programu za simu kwa lugha ya Java hukutana mapema na kosa moja. Mwanafunzi anarithi klasi ya ukurasa wa programu, iitwayo Activity. Anataka kubadilisha methodi yake ya kuanza kazi, onCreate. Kwa mzazi methodi hiyo ni ya ukoo. Mwanafunzi anaiandika upya kwake kama ya siri, au anasahau kabisa kutaja ni ya namna gani, jambo ambalo Java hulihesabu kuwa imefungwa zaidi kuliko ya ukoo. Java inakataa kuisoma programu nzima.

Si ukaidi wa mashine. Mfikirie wakala wa pesa za simu. Kampuni imeuahidi umma kwamba penye kibao chake utaweka pesa na utatoa pesa. Wakala anaruhusiwa kuongeza huduma, achaji simu za watu au auze vocha na sabuni. Lakini haruhusiwi kuweka kibao kile kisha akaficha huduma ya kutoa pesa. Mteja aliyekiona kibao atakuja akiitegemea.

Ndivyo ilivyo kwenye urithi. Aliyemjua mzazi ana haki ya kumtegemea mtoto kwa yaleyale. Kwa hiyo mtoto anaruhusiwa kufungua zaidi ya mzazi, ila haruhusiwi kufunga zaidi. Methodi ya ukoo unaweza kuiacha ya ukoo au kuifanya ya wazi. Kuifanya ya siri ni kuvunja ahadi ambayo mwingine aliitoa kwa jina lako. Kijana akilielewa hilo, halikariri tena kama sheria ngeni. Analikumbuka kama adabu ya kawaida.

Kutoka Oslo hadi kwenye kioo

Simula yenyewe haikuenea sana, ilienea kwa watoto wake. Nchini Marekani, Alan Kay aliiona akiwa mwanafunzi, na katika miaka ya 1970 yeye na wenzake kwenye maabara ya Xerox, California, wakatengeneza lugha ya Smalltalk. Kwenye maabara hiyo ndipo madirisha ya kompyuta yanayopandana, picha ndogo za kubonyeza na kazi ya kipanya vilipokomazwa. Urithi ulifaa sana huko, kwa sababu dirisha, kitufe na orodha ni ndugu: vyote vina mahali pake kwenye kioo na vyote vinaitikia anayevigusa. Bjarne Stroustrup wa Denmark naye alijifunza Simula, akaipeleka kwenye lugha yake ya C++ miaka ya 1980. Mwaka 1995 ikaja Java, na kutoka hapo simu za Android.

Mafundi wa chuma wanauliza

Mtu mwingine angekaa akahesabu sifa. Nygaard alikwenda viwandani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliona kwamba kazi yake inaweza kutumiwa vibaya. Mwenye kiwanda akiweza kuigiza kiwanda kizima kwenye kompyuta, anaweza pia kuamua peke yake nani afanye nini kwa dakika ngapi, na nani hahitajiki tena. Mfanyakazi ataletewa mashine ikiwa imekwisha kupangwa, haoni ndani yake, hajui hesabu zake zimetoka wapi. Kwa lugha ya klasi, mfanyakazi amefanywa mtu wa nje kabisa, na kila kinachomhusu kimefanywa siri.

Kuanzia mwaka 1970 alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma na vyuma cha Norwe. Yeye na wenzake waliwafundisha mafundi jinsi mifumo ya kompyuta inavyopangwa, ili wao wenyewe waseme wanataka nini na wanakataa nini. Nygaard alijifunza hapo kwamba ripoti nene ya mtaalamu haikuwasaidia mafundi. Kilichowasaidia ni yale waliyoyachunguza wenyewe mahali pao pa kazi.

Matunda yalionekana. Katikati ya miaka ya 1970 vyama vya wafanyakazi na waajiri vilifikia makubaliano kuhusu kompyuta kazini, na sheria ya mazingira ya kazi ya Norwe ya mwaka 1977 ikawapa wafanyakazi haki ya kuelezwa na kushirikishwa mifumo kama hiyo inapoletwa. Njia hiyo ya kuwashirikisha watumiaji tangu mwanzo ilienea nchi jirani za Sweden na Denmark, kisha ikavuka bahari.

Ilivyotufikia sisi

Ilivuka hadi Afrika. Mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipokwisha Afrika Kusini, watafiti wenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Oslo, ambako Nygaard alikuwa profesa, walishirikiana na wenzao wa huko kutengeneza mfumo wa taarifa za afya. Walifuata njia ileile: kaa na wahudumu wa afya, uliza wanahitaji kujua nini, ndipo utengeneze. Mfumo huo ulikua hadi kuitwa DHIS2. Umeandikwa kwa Java, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia bila malipo.

Tanzania inautumia mfumo huo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waliouendeleza hapa nchini. Muuguzi wa zahanati anapojaza vitabu vya MTUHA, akihesabu waliojifungua, watoto waliochanjwa na waliopimwa malaria, hesabu hizo huingizwa kwenye mfumo huo na kwenda ngazi za juu. Kwa hiyo urithi wa Nygaard umefika zahanati zetu kwa njia mbili: klasi zilizomo ndani ya programu, na mazoea ya kumuuliza anayeitumia.

Mazoea hayo ya pili ndiyo yanayohitaji kulindwa. Klasi zikikosewa, Java itakataa na mwandishi atarekebisha jioni hiyohiyo. Lakini mfumo ukiletwa kijijini bila muuguzi, mkulima au wakala kuulizwa, hakuna mashine itakayokataa. Anayeweza kusema ni mtu.

Siasa, tuzo na mwisho wake

Nygaard alikuwa mwanasiasa pia. Katika miaka ya 1960 alikuwa kiongozi katika chama cha Venstre, na baadaye akajiunga na chama cha wafanyakazi. Mwaka 1990 alichaguliwa kuongoza harakati za kupinga Norwe kujiunga na umoja wa nchi za Ulaya. Serikali ilitaka kujiunga na wafanyabiashara wakubwa walitaka. Wakulima na wavuvi wa vijijini waliogopa kwamba maamuzi yao yatahamia mbali. Kura ilipigwa tarehe 28 Novemba 1994, na asilimia 52.2 wakakataa. Hadi leo Norwe iko nje ya umoja huo. Wapo waliomlaumu, wapo waliomshukuru, lakini ukitazama vizuri swali lake lilikuwa lilelile la kiwandani: nani anaamua, na nani anaona?

Tuzo kubwa zilimfikia akiwa mzee. Mwaka 2000 yeye na Dahl walipewa nishani ya Mtakatifu Olav na mfalme wa Norwe. Kisha wakapewa pamoja Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, ambayo katika fani ya kompyuta hulinganishwa na Nobel. Hawakuifurahia muda mrefu. Dahl alifariki tarehe 29 Juni 2002. Wiki sita baadaye, tarehe 10 Agosti, Nygaard naye alifariki kwa mshtuko wa moyo, zikiwa zimebaki siku 17 atimize miaka 76.

Aliacha mke, watoto watatu na wajukuu. Aliacha pia ukoo mkubwa usio wa damu, wa vitufe na visanduku vinavyoitikia vidole vya watu kutoka Oslo hadi Mugumu. Kwa kijana wa kwetu anayetaka kuingia kwenye fani hii, aliacha na kazi ya kufanya: kabla ya kuamua kipi kiwe wazi na kipi kifungwe, nenda kwanza ukae na atakayekitumia.